Niliungua Jua, Nikasema Mvuke

Siku timu yetu ilipoleta kombe mjini, nilisimama kando ya Mtaa wa Msimbazi tangu saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, nimevaa fulana isiyo na mikono. Kariakoo nzima ilikuwa nje. Basi la wachezaji lilipopita kuelekea Jangwani, sauti ilikuwa imeshanikauka kwa kushangilia. Wenzangu walirudi makwao na koo bovu tu. Mimi nilirudi nimebabuka mashavu, shingo na mabega.

Sababu niliijua kabla sijafika mlangoni. Kwa miezi minne nilikuwa napaka mkorogo: krimu mbili za kujichubua, zimechanganywa na kitu cha tatu ambacho muuzaji hakukitaja, nami sikumuuliza. Hakuna aliyenilazimisha. Nauza magauni ya harusi, na nilikuwa naona wateja wanavyonipita mimi mweusi, wakaenda kumuuliza bei mwenzangu mweupe. Nikataka na mimi niwe maji ya kunde. Muuzaji alinionya kwamba ngozi ya mkorogo haipatani na jua, nitembee na mwavuli. Lakini siku ya kombe nani anabeba mwavuli?

Mama alikuwa uani akichambua mchicha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Kisha akainua macho. "We! Umepatwa na nini?"

"Mvuke. Nimefunua sufuria ya wali kwa mama ntilie."

"Mvuke umekuunguza mpaka nyuma ya shingo?"

"Niligeuka."

Nimeshasema uongo mwingi maishani, lakini wa kijinga kama ule sijapata kuusema tena. Mama aliukubali.

Nyumba yetu ina vyumba sita, na wapangaji wote wanamjua mama kuwa ndiye wa kukimbiliwa mtu akiungua. Alilowesha kitambaa cha pamba kwa maji ya mtungi, akaniwekea mabegani, akawa anakigeuza kila kinapopata joto. Barafu aliikataa. Mpangaji wa chumba cha mbele alikuja na dawa ya meno anipake. "Kapige mswaki," mama akamwambia. Kisha akaenda kwenye mshubiri wake, ulioota ndani ya ndoo ya rangi karibu na bomba, akakata jani, akaliacha lichuruzike ule utomvu wa njano, akanipaka ute kwa ncha za vidole. Malengelenge nisiyatumbue. Sabuni nisiiguse. Maji ninywe mpaka nichoke. Vidole vyake ni vigumu kwa miaka ya kukuna nazi na kufua, lakini vikigusa kidonda huvisikii.

Siku ya nne ngozi ikaanza kubambuka, na ile ya chini ilikuwa inarudi nyeusi. Nikaogopa. Miezi minne yote ipotee hivihivi? Mama alipoingia kuoga nilivuta kopo langu la mkorogo chini ya godoro, nikapaka. Kesho yake pakawa pekundu, panachuruzika maji. Mama akapaka mshubiri upya. Alipotoka, nikapaka changu. Tukaenda hivyo siku tano, yeye akiponya na mimi nikiunguza.

Ndipo akaanza kujishuku. Kwanza alilaumu mshubiri, akaenda kuomba jani kwa jirani. Halafu akawa ananawa mikono mara mbili kabla ya kunigusa, anasoma bismillahi kwa sauti, anapaka, anarudi nyuma kutazama kama fundi asiyeielewa kazi yake. Mpangaji yule wa dawa ya meno alirukiwa na mafuta ya chapati, akamletea mkono wake. Mama hakuugusa.

"Nenda zahanati, mwanangu. Mkono wangu siku hizi hauponyi."

Mpangaji alicheka akidhani ni utani. Mimi nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka pale, na nilijua si utani. Niliona aibu, aibu ya kweli. Miaka yote mama hakuwa na cheo kingine katika nyumba ile. Hakusoma, hafanyi biashara, hazungumzi sana. Huponya walioungua, basi. Na hilo ndilo nililokuwa namnyang'anya, mpako kwa mpako, ili mradi tu nisirudi mweusi wala asinishike uongo.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Walikuwa na haraka. Wengine tunaumbuka wazima. Alasiri ya siku iliyofuata, mama alipokaa na jani lake, nilimwekea lile kopo mapajani.

"Haukuwa mvuke, mama. Ni jua. Na ni hii, na juzi na jana nimepaka tena."

Alifungua, akanusa, akafunga. Nilingoja anigombeze, ningeshukuru angenigombeza. Aligeuza mkono wake wa kulia, akautazama kwa juu, mweusi wa kwao Lindi usiochanganywa na kitu.

"Mimi wiki nzima najiuliza mkono wangu umekosa nini," alisema. "Kumbe ni rangi yake tu huitaki."

Nikasema hapana, mama, siyo hivyo. Akaniambia nigeuke, bado bega la kushoto.