Fuko Aliyepewa Jina la Malkia

Kwa miaka tisa mama huyu alitunga majina ya kadi za mchezo, na kazini kila mtu alimwita Mama Majina. Kampuni yenyewe ilikuwa vyumba vitatu juu ya duka la viatu. Mchoraji humletea picha ya zimwi, joka au mnyama asiyekuwepo duniani, naye humtafutia jina lisilozidi herufi kumi na mbili, maana utepe wa juu ya kadi haubebi zaidi. Akishalipata, husimama mlangoni akaliita kwa sauti, kama anayemwita mwanawe aje kuoga. Likikwama kooni, hulitupa. Shule aliishia darasa la saba, lakini sikio alikuwa nalo.

Kisha wifi yake, mdogo wa mumewe, akakosa kazi, na Mama Majina ndiye aliyemwombea nafasi. Kikulacho ki nguoni mwako. Mwezi wa kwanza wifi alifunga pakiti. Wa pili akapendekeza jina, bosi akalipenda. Wa tatu akapewa meza, tena ya dirishani. Tangu hapo chakula hakikushuka vizuri. Mama Majina alijua wifi ameitwa kwa bosi mara ngapi na ametoka na uso gani.

Siku moja wakinywa chai, wifi akamnong'oneza, "Dada, yule Malkia wa Giza, wa kadi kubwa, nimempatia jina. Zimamwezi."

Mama Majina akalirudia kimoyomoyo. Lilipita kama maji.

"Si baya," akasema. "Zito kidogo."

"Nitampa bosi Jumatatu. Usimwambie mtu."

"Mimi tena? Nimwambie nani?"

Malkia ndiye angekaa juu ya pakiti, na bosi alishasema: atakayempa jina ndiye atakayeongoza majina ya toleo zima. Nayo sheria ya kampuni ilikuwa moja: jina likishachapwa, halipewi kadi nyingine. Mchana huohuo kadi ndogo zilikuwa zinakwenda mashineni. Kulikuwa na fuko mmoja kipofu, kadi ya kufa kwa pigo moja, naye Mama Majina alikuwa amemwita Chimbachimba. Akalifuta. Akaandika Zimamwezi.

Wifi alipoiona kadi aliishika muda mrefu. "Kumbe fuko," akasema, basi. Malkia akapewa jina alilotunga Mama Majina, na usukani wa toleo ukawa wake.

Lakini kadi zilipoingia sokoni, wachezaji hawakumjali Malkia. Waliandika barua kumwulizia fuko. Kiumbe kidogo vile, hakioni hata pua yake, kiuzime mwezi? Walicheka, wakamtaka.

Bosi akawaita wote. "Mama Majina, hili limetia fora. Ijumaa nataka mengine matano kama hili."

Wifi akapiga makofi kuliko wote, na makofi yale yakamchoma mwenzake kuliko tusi.

Hadi Alhamisi Mama Majina alikuwa mlangoni akiita, mpaka mlinzi akauliza kutoka chini, "Mama, leo umepotelewa na nani?" Halikupatikana hata moja. Akaenda kwenye meza ya dirishani.

"Wifi, nisaidie."

"Nikusaidie nini, dada, na wewe ndiye uliyetia fora?"

Mama Majina akatazama sakafu. "Lilikuwa lako. Nilikuonea kijicho."

"Najua. Hata sukari ya chai yangu ulikuwa unaipima kwa macho." Wifi akavuta karatasi. "Matano nitakupa. Ila kesho utayasoma wewe, na kila moja useme ni la nani. Na la fuko pia."

Ijumaa akasoma. Mara sita alisema "la wifi," na kila mara sauti ilipungua. Bosi hakugomba. Alihamisha tu usukani kwenda meza ya dirishani.

"Dada, umekasirika?" wifi akamwuliza walipobaki wawili.

"Nimechoka na huo uhodari wako."

"Basi zoea," wifi akasema, akamsogezea picha ya chura mwenye pembe. "Huyu anza naye wewe. Mimi amenishinda."

Mama Majina akaichukua, akaitazama kwanza aone kama kweli chura yule ni wa kumshinda mtu.