Baba Aliagiza Sifuri, Mchumba Wangu Akaitwa Mwizi

Mwakeye ndugu zangu wa page hii. Admin, nakuomba jina langu lisionekane popote, maana Kigoma hii tunajuana. Mimi ni binti wa miaka ishirini na nane, kwetu Ujiji, nimechumbiwa. Au niseme nilikuwa nimechumbiwa, sijui. Watu wananiuliza mbona hulii, nawajibu chozi halitoki, basi. Nakula, nalala, naenda kazini.

Baba yangu ni mwenyekiti wa kikundi chenye mitumbwi miwili ya dagaa inayoshusha mwaloni Katonga. Mchumba wangu, nimwite Bahati, ndiye alikuwa karani. Asubuhi mitumbwi ikifika anapima dagaa, halafu anaingiza kilo kwenye kompyuta ya ofisi. Kompyuta yenyewe ni ya msaada, ilikuja na Linux, na fundi wa mjini akiiona tu anasema, "Hii si Windows, dada, mimi simo." Bahati akajifunza mwenyewe kidogo kidogo mpaka akaizoea. Kijana mpole yule, jamani, mpaka upole unakera.

Sasa wa huku mnajua, mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawafuati taa, kwa hiyo wavuvi wanapumzika mpaka giza lirudi. Karani wa zamani siku hizo alikuwa anaandika neno "mbalamwezi" pale pa kilo. Bahati naye akafuata hivyo hivyo. Ila mwaka huu alitengeneza safu mpya ya kujumlisha mtumbwi wa kwanza na wa pili, na kompyuta haiwezi kujumlisha neno. Kila siku ya mbalamwezi ikatoa #VALUE!, na pale chini kwenye wastani nako #VALUE!.

Baba akaja ofisini, nikiwepo. Akatazama kioo akakunja uso. "Haya madudu ni nini?" Bahati akamweleza kwa adabu kwamba ni kosa la fomula, ampe muda kidogo ataliweka sawa. Baba hakumwacha amalize. "Mtumbwi haukutoka, si umeleta sifuri? Andika sifuri, kwisha." Bahati alinitazama, nikainua mabega. Mkwe mtarajiwa atabishana vipi na baba mkwe, tena barua ya posa imeshapokelewa? Akasema, "Sawa, mzee," akaandika sifuri kila palipokuwa na neno. Makosa yote yakafutika, baba akaondoka anatabasamu.

Kilichofuata ndicho kilichotufikisha hapa. Kwenye kikao wajumbe walilinganisha wastani wa kilo kwa siku, mwaka jana na mwaka huu. Wa mwaka huu umeshuka vibaya. Mjumbe mmoja akauliza dagaa wanaenda wapi kati ya mtumbwi na mzani. Mwingine akasema wazi, "Hawa wenye ndugu ng'ambo, Kongo, mzigo wao unavuka ziwa." Bahati ana ndugu huko, ndiyo, lakini kazaliwa hapa hapa, shule kasoma hapa hapa! Nilimtazama baba nikijua atamtetea mkwe wake. Baba akasema, "Mwizi hana ukwe kwangu. Aache funguo." Bahati akaweka funguo mezani, akaaga watu wote kwa adabu, akatoka. Hakusema hata neno moja la kujitetea, na mimi nikaona kimya kile kama jibu.

Baba akanikalisha mimi kwenye ile kompyuta. Juzi nikafungua faili la mwaka jana kando ya la mwaka huu, nitazame tu. La mwaka jana lina maneno, la mwaka huu lina sifuri. Nikajiuliza kompyuta inafanya nini na hizo sifuri. Kumbe kwenye kupiga wastani neno inaliruka tu, kujumlisha ndiko kunakoishinda, lakini sifuri inaihesabu kama siku ya kazi iliyoleta patupu! Nikaiagiza ihesabu wastani wa siku zilizozidi sifuri tu. Ukarudi palepale pa mwaka jana. Hakuna dagaa aliyeibwa. Moyoni sikusikia kitu.

Nikamwita baba nikamwonyesha. Akaelewa haraka, baba si mjinga. Akasema, "Funga hiyo mashine. Nimeshasema mbele za watu, nitaanza kumeza maneno yangu kwa ajili ya sifuri? Ukifungua mdomo kwenye kikao, utafute baba mwingine." Nikasema, "Ndiyo, baba." Nikaenda kusonga ugali, tukala.

Kesho yake nikampigia Bahati. Sasa anabeba mizigo Kagunga, mpakani na Burundi. Nikamwambia nimegundua, ni zile sifuri. Akanijibu taratibu, "Najua. Nilijua palepale kwenye kikao walipotaja wastani."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Nisimame mbele za watu niseme mwenyekiti ndiye aliyeharibu hesabu? Ni baba yako. Nilitegemea wewe, uliyekuwepo siku ile ya sifuri, ungekuja kuniuliza. Nilikaa nyumbani nikisikiliza mlango. Hukuja."

Akaniuliza kama nimekula, akakata simu.

Jumamosi kuna kikao kingine, wanataka kumpeleka Bahati polisi. Baba atakuwa amekaa mbele, mimi pembeni yake na ile kompyuta. Nikisema, nimempoteza baba, na mama ataambiwa achague, mimi au baba. Nisiposema, Bahati ataitwa mwizi kuanzia Katonga mpaka Kagunga, na hatanilaumu hata siku moja, hilo ndilo linaloniua. Wenye busara zenu nisaidieni, maana mimi kichwa kimeganda: Jumamosi nisimame, au nikae? Na nikisimama, mnadhani yule mtu bado anasikiliza mlango?