Umande Kwenye Lenzi

Siku hiyo Dady, mpiga picha za harusi, alijifanya bosi: badala ya bodaboda alipanda gari la bibi harusi, lenye kiyoyozi kikali, kamera mapajani. Walifika kanisani Makindye mvua ikiwa ndiyo kwanza imekatika. Alishuka, akainua kamera, akaona ukungu mtupu. Akafuta lenzi. Ukungu ukarudi.

Mlango wa gari ukafunguliwa, kiatu cheupe cha bibi harusi, Esperance, kikatokea.

"Tantine, mzuie kidogo," Dady alimwomba shangazi yake.

"Pasta ameshasimama. Piga, ama nikupige mimi."

Kioo cha lenzi kilikuwa kimepoa garini, na mvuke uliojaa hewani ukikigusa uligeuka matone, kama umande kwenye majani ya alfajiri. Kufuta ni kazi bure. Kioo kinataka joto. Akaifunga kamera kwa leso yake, akailaza juu ya boneti iliyokuwa bado inachoma.

"Sasa anaipika," shangazi akasonya, lakini akajifanya anamnyooshea Esperance shela. Akalinyoosha mara mbili.

Dady akafunua. Ukungu ulikuwa umebaki pembeni tu, mwembamba kama ukucha. Esperance akainua uso, Dady akapiga.