Sukari ya Mjomba

Mjomba wangu alikuwa mtunzi wa michezo ya kuimba, na mpaka leo nikimtaja mbele ya watu wawili wa Kinondo nazua ugomvi. Mmoja atasema hajapata kutokea mtunzi kama yeye pwani hii yote. Wa pili atatema mate. Mimi nimechoka kuwaamua, maana ugomvi huo uliingia nyumbani kwetu bila hodi, na aliyeumia zaidi ni mama yangu.

Katika michezo yake hakuna aliyesema neno bila kuliimba. Watu waligombana wakiimba, wakaoana wakiimba, wakazikana wakiimba. Yeye alikaa pembeni na kinanda chake cha umeme, ndani ya shati la maua, macho kwa watazamaji wala si kwa waigizaji. Alikuwa akitafuta nani ameanza kulia. Akimpata mmoja, alirudia kiitikio mpaka walie na wenzake. Mtu huyo alikuwa mjanja, na nilimpenda sana.

Alianzia kwenye hoteli za Diani, ambako wageni walimtazama huku wakila. Huko hakuna aliyelalamika, kwa kuwa hakuna aliyeelewa kinachoimbwa. Kisha zikaja vurugu za kuwafukuza watu wa bara. Vibanda vya Ukunda vilichomwa, wabara wakakimbilia makanisani na wengine wakarudi makwao, na watalii wakaacha kuja. Hoteli niliyofanyia kazi, upande wa dobi, ilibaki na rafu za mashuka yaliyopigwa pasi ambayo hayakupata wa kuyalalia. Mjomba akakosa jukwaa. Akakodi ukumbi Ukunda, na watazamaji wake sasa wakawa sisi wenyewe. Na sisi, alisema, hatutoi machozi kwa kinanda kitupu, tunataka kitu tunachokijua.

Kitu alichokichagua ni wimbo wa kumtoa bibi harusi. Kwetu, msichana akiwa tayari kuondoka kwa mama yake, wanaume hutolewa uani, hata baba yake, mlango hufungwa, na wanawake humwimbia wimbo ambao hauimbwi mahali pengine popote. Mama yangu ndiye aliyekuwa akiuanzisha. Sisi ambao hatujaolewa hatukuruhusiwa kuingia. Tuliusikia kupitia ukuta wa udongo, sauti bila maneno, na kila msichana alijifunza maneno siku yake mwenyewe ilipofika. Tulichokijua, kwa minong'ono ya walioolewa, ni kwamba haukuwa wimbo mtamu. Ulimwambia mwari kwamba akivuka kizingiti hana kwao tena, halafu ukakatika katikati ya mstari, na kwenye kimya kile mlango ukafunguliwa. Huko nje tulikuwa tukishikana mikono kwa hofu.

Mjomba akauweka jukwaani, mbele ya wanaume. Na kwa kuwa hakuweza kuvumilia kitu kinachokatika, aliutungia ubeti wa mwisho: mama anambembeleza binti, anamwambia njia ya kurudi ipo, taa itawaka dirishani. Kinanda kikapanda juu, ukumbi mzima ukalia, wakataka urudiwe. Mama yangu hakuungoja ubeti huo. Wimbo ulipoanza tu alijifunika leso akatoka. Mimi nilibaki kwenye kiti, nikalia pamoja na wengine.

Mwalimu mmoja wa fasihi aliyefundisha Kwale aliandika gazetini kwamba mjomba ni muuza halua. Kila mchezo wake, alisema, ni wimbo uleule uliovalishwa nguo nyingine, na kila huzuni yake hupozwa mapema ili watu waende kula wakiwa wameridhika. Nilikasirika, zaidi kwa sababu alikuwa amesema kweli. Nikalipeleka gazeti kazini nikamsomea mwenzangu wa pale dobi, mwanamke Mkamba, aliyekuwa amelala kanisani na watoto wake wakati wa vurugu kisha akarudi kazini kama aliyetoka likizo. Yeye alikuwa ameutazama mchezo ule kila ulipochezwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akiendelea kukunja taulo.

"Huyo mwalimu kwao ni wapi?" akaniuliza. "Ninyi mnalia, na mama zenu wako hapo nyuma ya mkorosho. Mimi sijui kama nyumba yangu nitaikuta nikirudi jioni. Mjomba wako akiniambia taa itawaka, najua ananidanganya. Wacha anidanganye."

Nikalikunja gazeti nikarudi kwenye pasi.

Wanawake wa Kinondo hawakuandika gazetini. Walikuja nyumbani mchana, wakapeana mikono na mama, wakaulizana hali kwa adabu zote, wakakaa mkekani. Kisha wakauliza mwanamume ameupataje wimbo ule, wakati mlango hufungwa. Ndani ya chumba kile mwenye kaka mtunzi ni mmoja tu. Mama akaapa kwamba si yeye aliyempa. Wakamuuliza, basi ni nani? Hapo mama akanyamaza, nao wakakichukua kimya chake kuwa ndilo jibu. Harusi yangu ilikuwa imeshapangwa, tunangoja mfungo umalizike. Wakasema kwa upole kwamba mpaka watakapoambiwa ukweli, hawataimba katika nyumba hii.

Mjomba alipopata habari alikuja mbio. Wanawake walikuwa wameshaondoka, nami nilikuwa nikimmiminia chai yeye na mama alipoutoa ukweli wote. Utotoni, baada ya kutahiriwa, ambapo mvulana haruhusiwi tena kukaa na wanawake wakiimba, alishikwa na homa siku ya harusi ya jirani. Nyanya yangu hakutaka kumwacha peke yake. Alimficha chini ya leso yake akaingia naye. Homa ilipomshuka wimbo ulikuwa umeshamkaa kichwani, asimwambie mtu ila dada yake.

"Dada, nitakwenda kuwaambia mwenyewe," akasema. "Wewe huna kosa."

"Ukiwaambia hivyo utakuwa umemtoa mama kaburini ukamweka barazani ahojiwe," mama akajibu. "Amekufa na heshima yake. Mwache nayo."

"Na huyu mtoto? Nani atamwimbia?"

Mama alinitazama. "Atasamehe," akasema.

Sikuulizwa, na wakati ule sikusamehe. Nilikwenda jikoni nikavunja kikombe kwa makusudi. Nilimsikia mjomba akiuliza kama autoe wimbo katika mchezo, na mama akimwambia maji yakimwagika hayazoleki. Akaendelea kuucheza, Ukunda na Msambweni, na ukumbi ulijaa.

Siku yangu ikafika. Nikaha ilipokwisha wanaume walitoka uani na mlango ukafungwa. Chumbani walikuwemo shangazi zangu wachache wakitazama sakafu, na wenzangu wa dobi waliovaa nguo zao za kanisani wakafunga leso juu yake. Wimbo ule una mwanzishaji na waitikiaji, na waitikiaji hawakuja. Mama alikaa karibu yangu ameishika ncha ya leso yangu. Kimya kilikaa mpaka nikaona aibu kupumua.

Wale wabara wakatazamana. Walidhani tunangoja mtu wa kuanza. Mkamba wangu akaanza, na wenzake wakamwitikia kwa sauti nne kama kwaya, wimbo wa mjomba, vilevile walivyousikia ukumbini. Waliuimba vizuri mno. Niliomba moyoni mama awanyamazishe, na papo hapo niliomba awaitikie. Hakufanya lolote kati ya hayo. Walipofika kwenye taa na dirisha alikuwa akinirekebishia leso kichwani, na walipomaliza aliinuka akafungua mlango mwenyewe.

Baada ya hapo mama hakuanzisha wimbo tena mahali popote. Wanawake walirudi kumjulia hali, siku zikasogea, wakala na kunywa kwetu, lakini kwenye harusi alianzisha mwingine. Nami nilipokuwa mke wa mtu mwenye haki ya kuingia chumba kile, sikuingia. Nilibaki nje na mama nikimenya viazi. Hivyo maneno ya wimbo wa kweli sikuyapata kinywani mwa mama, nikabaki na ya mjomba. Mama alizikwa nayo, kama nyanya alivyozikwa na heshima yake. Kuna siku nimemchukia mjomba kwa jambo hili, na kuna siku nimejikuta nafua nguo nikiimba ubeti wake.

Miaka mingi baadaye niliozesha binti yangu. Mlango ulipofungwa, macho yote yakanigeukia, kwa kuwa mimi ni mtoto wa mama yangu. Niliimba ule niliokuwa nao. Nilikuwa nimeapa kwamba nikiufikia ubeti wa mjomba nitaukata, nimwache mtoto asimame kwenye kimya kama walivyosimama bibi zake. Nikaufikia, nikanyamaza. Binti yangu akainua uso, akanitazama, akingoja nimwambie kama anaweza kurudi.

Nikamwambia taa itawaka.