Simeo Hiza na Mti wa Spea

Simeo Hiza alitoka Magoma akiwa kijana, akaja Korogwe mjini kutafuta kazi yoyote. Aliyoipata ilikuwa ya kupanga spea kwenye duka la mzee Mwinjuma pale Manundu, duka la vifaa vya trekta, mashine za kusaga na pampu za maji. Wakati huo lilikuwa chumba kimoja. Likakua, likapata stoo kubwa nyuma na tawi dogo Mkata, upande wa Handeni, kwa ajili ya wakulima wa mahindi. Simeo naye akakua nalo. Alioa, akajenga vyumba viwili hukohuko Manundu, mkewe Hosiana akawa anauza vitenge sokoni.

Stoo ile aliipanga mwenyewe. Mteja akitaka nozeli, Simeo aliondoka kaunta huku bado anaongea, akarudi nayo mkononi kabla sentensi haijaisha.

Ugonjwa wa macho ulimwanza kwa siri. Alianza kugonga bega kwenye fremu ya mlango, akawa anamimina chai pembeni ya kikombe. Hosiana alidhani ni uchovu. Walipokwenda hospitali waliambiwa ni presha ya macho, na kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi. Dawa ni za kulinda kilichobaki. Alizitumia kama alivyoelekezwa, lakini ugonjwa ulikuwa umeshatangulia. Akawa anaona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba, na mwisho bomba nalo likaziba.

Mzee Mwinjuma hakumfukuza. Alimwambia, "Kapumzike kwanza nyumbani, Simeo. Tutaona."

Simeo aliijua hiyo "tutaona." Alikaa nyumbani akisikiliza redio na kuchambua maharage kwa vidole. Hosiana akirudi sokoni alimkuta palepale alipomwacha asubuhi, akampa pole.

Mchungaji wao ndiye aliyemtafutia nafasi kwenye chuo cha watu wazima wasioona. Simeo hakutaka kwenda. Hosiana akamfungia begi, akamwambia, "Nenda baba. Hapa nyumbani unaoza." Huko alijifunza kutembea na fimbo, kisha akajifunza kibodi na programu inayosoma kwa sauti yaliyomo kwenye skrini ya kompyuta. Sauti yenyewe ilisema Kiswahili kama mtu aliyebanwa pua, lakini ilisema kweli.

Aliporudi Korogwe alikwenda dukani moja kwa moja.

"Nasikia siku hizi mna kompyuta," alimwambia mzee Mwinjuma.

"Tunayo. Kuna binti anatutengenezea programu ya stoo."

"Naomba nijaribu kuitumia, mzee. Nikishindwa, nitakwenda zangu."

Binti huyo aliitwa Glory. Alikuwa amezaliwa Manundu, akasomea kompyuta, akarudi kufungua ofisi ndogo ya kuwaandikia watu programu. Programu ya spea aliipenda kuliko zote alizowahi kufanya. Alizipanga kwa mtindo ambao wenye fani hiyo huuita mti: upande wa kushoto wa skrini kuna orodha yenye matawi, ukilibonyeza tawi la "Injini" linafunguka na kuonyesha "Mfumo wa mafuta," ukifungua hilo unakuta "Pampu," "Nozeli," "Filta." Mti wa kawaida unaokuja tayari na vifaa vya kuandikia programu aliuona wa kizamani, kwa hiyo akauchora wake mwenyewe, wenye vitrekta vidogo vyekundu kwenye kila tawi. Mzee Mwinjuma alikuwa akiwaita wateja waje wavione.

Siku ya majaribio Simeo alikaa mbele ya kompyuta. Glory alimsalimia, "Shikamoo mzee Simeo," akaitikiwa, akasogea nyuma yake kuangalia. Simeo aliwasha sauti, akafungua programu. Sauti ikataja jina la dirisha, kisha ikanyamaza. Alibonyeza mshale wa chini. Kimya. Wa kulia. Kimya. Alijaribu tena polepole, kama mtu anayepapasa ukuta kutafuta kitasa.

"Labda nimekosea mimi," alisema.

Glory alikuwa anaona matawi yote yamejaa skrini. Ilimchukua muda kuelewa. Tawi alilolichora lilikuwa picha tu. Mwenye macho anaona tawi, lakini programu ya kusoma haikuambiwa na mtu yeyote kwamba pale kuna kitu.

"Hujakosea, mzee," alisema. "Ni mimi. Nimeandika kitu kisichosemeka."

Aliondoka pale ameinamisha kichwa. Kesho yake alirudi na njia ya mkato: kisanduku cha kutafutia, Simeo aandike jina la spea na sauti imsomee majibu. Ilifanya kazi. Simeo alishukuru, akaandika majina kadhaa, kisha akaegemea kiti.

"Nikuulize, mwanangu. Mtu akipiga simu kutoka Mkata akasema anataka kale kachuma kanakokaa nyuma ya filta, jina halijui, nitaandika nini?"

Glory alivuta kiti, akakaa karibu naye.

"Stoo naijua kwa kutembea," Simeo aliendelea. "Naingia injini, nafika kwenye mafuta, naona jirani zake. Nipe na mimi nitembee."

Glory akaufuta mti aliouchora. Kwa kweli iliuma, maana ilikuwa kazi ya wiki nyingi. Mahali pake aliweka ule mti wa kawaida, wa kizamani, ambao tangu ulipotengenezwa unajua kujieleza kwa programu za kusoma: jina la tawi, kama limefungwa au limefunguliwa, liko ngazi ya ngapi. Mzee Mwinjuma alipoona vitrekta vimeondoka alinung'unika kwamba sasa programu yake imekuwa kama ya ofisi ya serikali.

Safari hii sauti ilisema. "Injini, imefungwa." Simeo alibonyeza mshale wa kulia, tawi likafunguka. Akashuka. "Mfumo wa mafuta, imefungwa." Akabonyeza tena, akangoja aingizwe ndani. Sauti ikasema, "Injini."

"Imenirudisha mwanzo," alisema.

Walirudia, ikawa vilevile. Glory aliyapitia maandishi ya programu yake hadi akaona kosa. Spea zilikuwa nyingi, hivyo aliifanya programu isizipakie zote kwa pamoja, bali ilete za tawi pale tawi linapofunguliwa. Hilo lilikuwa jema. Ila kila ilipoleta, iliujenga mti wote upya, na alama ya mahali ulipo ikarukia juu. Kwake yeye mwenye macho skrini ilipepesa kidogo tu, akabonyeza alipotaka na kipanya, wala hakuwahi kuligundua.

"Ni kama mtu anakushika mkono mpaka kwenye rafu," Simeo alisema, "halafu anakurudisha mlangoni."

Wakacheka wote wawili, kwa mara ya kwanza tangu waanze. Glory akaibadilisha programu iongeze vitu chini ya tawi lililofunguliwa peke yake, mengine yasiguswe. Akazima skrini kabisa, akavaa vipokea sauti, akajaribu mwenyewe kuitafuta gasketi gizani. Alipotea mara kadhaa kabla ya kuipata, na kila alipopotea alirekebisha kitu.

Simeo akapewa meza ya simu. Yeye anasikiliza mteja, anatembea kwenye mti, anataja namba ya rafu, na Asnath, muuzaji wa kaunta, anakwenda kuchukua. Mwanzoni Asnath aliona amebebeshwa kazi za watu wawili na alilisema hilo waziwazi. Baadaye alizoea, ingawa umeme ukikatika bado humwambia Simeo, "Haya, na mti wako umelala."

Kiangazi kilichofuata alipiga simu mfugaji mmoja wa nyanda za Handeni anayeitwa Leboo. Pampu ya kisima chao ilikuwa inaunguruma bila kutoa maji, na ng'ombe walikuwa wamekusanyika wanangoja. Hakujua jina la kilichoharibika.

"Ukiifungua, unaona nini?" Simeo alimuuliza.

"Kitu kama pangaboi. Limelika pembeni."

Simeo alifungua matawi, akashuka, akapita sili na beringi, akauliza upana wake, akauliza kama lina tundu la mraba katikati. Likapatikana. Asnath akalifunga kwenye boksi, likapanda basi la kwenda Mkata mchana uleule, na jioni Leboo akapiga tena kusema maji yametoka.

Baada ya hapo Simeo alimwomba Glory ampe ruhusa ya kuhamisha matawi mwenyewe. Pampu za visima zilikuwa zimewekwa ndani kabisa, chini ya "Mengineyo." Alizikata pale, akazipandisha ngazi ya kwanza, jirani na Injini. Hosiana alipopita dukani kumletea chakula alimkuta anabishana na mzee Mwinjuma kuhusu mashine za kusaga zikae tawi gani kwenye mti.