Tulivyoisaka bendi isiyo na mwenyewe, kutoka redio ya mkulima hadi jukwaa la Temeke

Wakuu, kwema humu? Wadogo zangu marahaba, wakubwa wachache mliobaki shikamooni.

Juzi kuna kijana kaweka uzi anauliza sie wazee tuligundua vipi muziki mpya bila simu, bila link, bila kushirikishwa playlist. Nikaona niandike kabisa, tena nieleze yaliyonipata mwenyewe, sitii chumvi. Mnivumilie tu kwenye taipu, vidole vimezeeka.

Ilikuwa miaka ya sabini mwanzoni. Mie ni Mpare, nilikuja Dar kufanya kazi ya kupiga taipu ofisini. Nilipanga chumba Temeke na msichana mwenzangu Mwajuma, mtu wa Lindi, mshonaji.

Mali yetu kubwa ilikuwa redio moja ya mkulima. Betri zikichoka tunazianika juani kama dagaa, zinapata nguvu kidogo, tunasikiliza tena.

Jumamosi mchana kulikuwa na kipindi cha bendi changa. Siku hiyo mie nafua uani, Mwajuma yuko ndani na cherehani. Ghafla cherehani ikanyamaza.

Likaja gitaa jepesi, linadonoa kama kuku. Halafu sauti ya mwanamke. Wakati ule mwanamke kuongoza bendi ya magitaa ilikuwa nadra. Anaimba, "Nimekuja mjini na jina langu, nani kalichukua?"

Wakuu, nilisimama na shuka mkononi linachuruzika maji miguuni.

Mtangazaji akasema, "Hao ni vijana wa Kipawa. Hawana mwenyewe." Basi, akaenda kwenye taarifa ya habari.

Niwaeleze vijana. Enzi zile bendi ilikuwa na mwenyewe. Ya jeshi, ya kiwanda, ya shirika. Vyombo vya shirika, sare za shirika, na mara nyingi hata jina la shirika. Bendi isiyo na mwenyewe ilikuwa kama mtoto anayetembea barabarani peke yake, kila mtu anamuuliza wewe wa nani. Leo nyie mnaita indie na mnaona ni sifa.

Tukasubiri Jumamosi iliyofuata. Kimya. Nyingine, kimya.

Mwajuma akasema, "Kipawa si Ulaya. Twende."

Tukaenda Jumapili baada ya kanisa langu. Tukauliza uliza, mpaka mama mmoja muuza vitumbua akatuonyesha nyumba nyuma ya mikorosho karibu na uwanja wa ndege. Tukawasikia kabla ya kuwaona.

Sasa sikilizeni hiki, sijawahi kukiona tena popote. Wako katikati ya wimbo, ndege inashuka, kelele mpaka bati linatetemeka. Wote wakanyanyua mikono kutoka kwenye vyombo, wakabaki wanatikisa vichwa tu. Ndege ikapita, wakarudi wote kwa pamoja kwenye pigo lile lile. Hakuna aliyehesabu kwa sauti. Mwajuma akanifinya mkono mpaka ikauma.

Yule mwimbaji aliitwa Rehema. Jioni alikuwa anafundisha kisomo cha watu wazima, mwembamba, mpole, huwezi kudhani ile sauti ni yake. Magitaa walikuwa wameazima. Spika ya besi walikuwa wameifunga kwenye kasha la chai.

Nikamuuliza, "Mbona redioni hampigwi tena?"

Akasema, "Walitupiga ile mara moja kwa huruma. Wanataka rekodi nzuri, na rekodi nzuri inakuja kwenye tamasha."

Kumbe kulikuwa na tamasha la bendi linakuja Temeke, kwetu kabisa, na redio ingeleta mitambo kurekodi. Rehema alikuwa ameshaenda kujiandikisha. Afisa akamuuliza, "Bendi ya nani?" Akajibu, "Yetu." Afisa akasema, "Nyie ni nani?" Mazungumzo yakaishia hapo. Masharti yalisema bendi lazima iwe chini ya taasisi, kiwanda au ushirika.

Tulirudi nyumbani tumenuna kama tumefiwa. Usiku ule sikulala vizuri kwa ajili ya watu ambao asubuhi nilikuwa siwajui.

Kesho yake Mwajuma akaacha kushona akaniangalia. "Ushirika, si umesema ushirika? Mjomba wangu si ni mwenyekiti wa ushirika?"

Mjomba wake, Mzee Nandonde, aliongoza ushirika wa wachongaji vinyago mtaa wa pili tu kutoka kwetu. Mtu wa maneno machache. Tulimkuta na tezo yake ya kuchongea mkononi. Tukamwamkia, tukamweleza. Akachonga, akachonga, halafu akasema, "Magitaa mie siyapendi."

Mwajuma akapiga magoti kabisa kwenye vumbi la mbao. "Mjomba, wasikilize mara moja tu."

Mzee akafikiri. "Waje. Lakini watu wangu wana kazi ya kumaliza. Kazi ikisimama, waondoke."

Wakaja na kasha lao. Wachongaji hata hawakuinua macho. Rehema akaanza taratibu. Mie nimeshika kiuno, naangalia mikono ya wachongaji kuliko nilivyokuwa naangalia bendi.

Tezo moja ikaingia kwenye pigo. Halafu ya jirani yake. Baada ya muda banda zima linachonga kwa mdundo mmoja, ko-ko, ko-ko, na vipande vya mpingo vinaruka. Jamaa mmoja akaanza kuitikia bila kuambiwa.

Wimbo ulipoisha Mzee Nandonde akapuliza vumbi kwenye kinyago chake. "Kazi haikusimama," akasema. "Basi hawa ni wetu."

Siku ya tamasha uwanja ulijaa mchana kweupe. Watu wa Kinondoni, wa Kawe, wote wamekuja. Sie tukapangwa baada ya bendi moja kubwa yenye matarumbeta na sare za kung'aa. Ilipomaliza, watu wakaanza kutawanyika kwenda kununua mihogo. Kasha la chai lilipopandishwa jukwaani, watu wakacheka waziwazi.

Nilimwona Rehema amekunja kanga yake mkononi, anaikunja na kuikunjua.

Ndipo wachongaji wakapanda. Hakuna aliyewaalika jukwaani. Wamekuja na tezo na magogo, wakaketi chini mbele ya bendi, wakaanza kugonga. Ko-ko, ko-ko. Gitaa likadonoa juu yake. Rehema akafungua mdomo.

Wakuu, nimeona watu wakirudi mbio na mihogo mikononi. Wamama wa Kusini waliokuwa pembeni wakaingia katikati wakitikisa mabega yao. Nilicheza mpaka kisigino cha kiatu kikabaki uwanjani. Waliambiwa warudie wimbo, wakarudia. Wakaambiwa tena.

Baadaye mkubwa wa shirika moja alimfuata Rehema. Akamwahidi vyombo vipya, mishahara, sare. Rehema akauliza, "Na jina?"

"Jina mtapata letu."

Wapiga gitaa wawili walikwenda, na siwalaumu, walikuwa na familia. Rehema alibaki na wachongaji. Walipiga miaka kadhaa, kwenye harusi na vijiji vya ujamaa. Hawakuwahi kuwa wakubwa. Alikuja kuolewa Mtwara, na mpaka anafariki tulikuwa tunasalimiana.

Rekodi ile redio iliipiga sana, nchi nzima. Krismasi mama yangu akaja kutoka Upareni. Mama alikuwa mzee wa kanisa, na mie sikuwa nimewahi kumtajia muziki wa bendi. Alipomaliza kunywa chai akasema, "Nilikusikia redioni."

Nikamwambia, "Mama, mie siimbi."

"Huimbi. Unapiga kigelegele kabla ya kiitikio, mapema kama ulivyokuwa unafanya kwenye kwaya. Nilikujua hapo hapo, nikawaita majirani."

Akajifunga kitenge chake. "Haya, nipeleke nikawaone hao wachongaji."

Nilichojifunza ni hiki: muziki ukikushika sikio, usiishie kuupenda ukiwa umekaa. Ondoka, ulizia, nenda kawaone wanapiga live. Wale watu wanahitaji miguu yako kuliko masikio yako.

Sasa nyie mlioko Goba, Kipawa, popote, kuna vijana wanapiga nyuma ya nyumba gani ambao sie hatujawasikia? Semeni hapa chini, mie bado natembea.