Kasuku wa Saluni Ana Bima, Kikohozi ni cha Mwanangu

Admin, nisamehe, na wafuasi wako wanisamehe. Ujumbe huu nimeuandika na kuufuta tangu baridi ianze, na sasa baridi inaisha. Jina langu lifiche.

Nina miaka 25, Mrundi, naishi Troyeville, hapa Johannesburg, na binti yangu wa miaka minne. Baba yake alikwenda Cape Town kutafuta kazi, akapata mke. Mimi ni msusi kwenye saluni ya mama mmoja Mkongomani pale Joubert Park. Chekechea siiwezi, kwa hiyo mtoto alikuwa anashinda na mimi, amekalia ndoo chini ya tundu la kasuku. Huyo kasuku ndiye saluni yenyewe. Anasalimia wateja, anapiga mluzi, watu wanatoka mpaka Newtown kuja kumrekodi.

Mwezi wa sita kasuku akaanza kukohoa. Bosi akachanganyikiwa. Mteja akamwambia siku hizi hata ndege anakatiwa bima ya matibabu. Akatuuliza, inafaa au ni wizi?

"Mama, sisi tukiugua tunachemsha tangawizi, ndege apewe bima?" akasema Solange, msusi mwenzangu. Tukacheka.

"Wewe ukifa, kesho asubuhi napata msusi mwingine pale Park Station," bosi akamjibu. "Huyu nitampata wapi?"

Mimi ndiye niliyesema, "Inafaa, mama. Huyu ndiye anatulisha." Nilijipendekeza, nakubali.

Kwa sababu nilijua. Kikohozi kile kilikuwa cha binti yangu, viwili vifupi halafu kirefu chenye mluzi mwishoni. Bosi akiwepo, nilimfundisha mtoto akakohoe chooni. Solange alijua, akanifichia.

Bima ilitaka ndege apimwe kwanza. Daktari wa wanyama akaja, akamsikiliza kifua taratibu, jinsi ambavyo mimi sijawahi kusikilizwa. Binti yangu nilikuwa naye nyuma ya pazia, tunapooshea nywele, nimemziba mdomo kwa kitenge. Nikahisi kikohozi kinapanda, kinagonga kiganja changu, hakina pa kutokea. Hakunisukuma. Alinitazama tu, machozi yanamtoka.

"Ndege ni mzima," daktari akasema. "Anaiga. Nani anakohoa hivi hapa?"

"Mteja mmoja," Solange akadakia. "Alishahamia Durban."

"Basi mpigieni simu. Hayo si mafua."

Bima ikapita. Bosi akatununulia soda, kisha akanipa kazi ya ziada: kila asubuhi nimfundishe kasuku kucheka, ili asahau kukohoa. Mtoto nikaanza kumwacha kwa jirani. Wiki tano nimesimama mbele ya tundu nacheka, ha ha ha, huku mwanangu anakonda. Kasuku hajakishika kicheko. Akiniona naingia, anakohoa.

Juzi ndipo nikampeleka kliniki. Ni kifua kikuu. Nesi hakunigombeza. Aliuliza kikohozi kilianza lini, nikasema wiki mbili. Akanipa karatasi niandike kila mtu aliyekaa naye chumba kimoja, wapimwe wote. Nikiandika saluni, bosi atajua kila kitu na kazi imekwisha. Lakini Solange ana mtoto wa miezi mitatu, na anamnyonyesha akiwa amekalia ndoo ile ile ya chini ya tundu.

Nimeshaandika saluni. Karatasi naipeleka Jumatatu, nami nitamwambia nesi kilianza lini hasa. Kwa hilo msinishauri, limekwisha. Na matusi wekeni, nimeshajitukana ya kutosha.

Ninachoomba mnitumie ni hiki. Namba ya saluni inayotafuta msusi, isiwe Joubert Park. Jaketi la mtoto wa miaka minne, hata la mtumba. Mama aliyemnywesha mwanawe dawa hizi, aniambie alimbembelezaje, maana wangu anazitema. Na maneno, ndugu zangu. Kesho niko zamu moja na Solange, atakuja na mtoto wake mgongoni. Nitumieni sentensi ya kwanza tu ya kumwambia, nyingine nitazitafuta mwenyewe.